Aliyehesabu Wanaorudi: Kwaheri kwa Petronilla Asekenye

Tarehe 30 Juni 2025, saa kumi na moja jioni, Petronilla Asekenye atagonga muhuri wake wa mwisho, aufungie kwenye sanduku lake la bati, na kutuachia kiti ambacho hakuna mwingine aliyewahi kuthubutu kukikalia. Atakuwa ametumikia serikali kama afisa wa uhamiaji kwa miaka thelathini na saba na miezi minne, yote katika mpaka huu wetu: kumi na mitano ya kwanza Busia, iliyobaki hapa Malaba. Hajawahi kuomba uhamisho hata siku moja. Aliwahi kupewa mmoja, wa kwenda uwanja wa ndege kwenye kiyoyozi, akaukataa kwa barua ya mistari mitatu. Sababu ya kuukataa ndiyo habari kubwa ya wasifu huu, na nitaifikia.

Kamati ya sherehe imenichagua mimi, Geoffrey Egesa, kuandika kwa kuwa nimekaa kaunta ya pili kutoka yake kwa miaka kumi na sita. Wameniagiza niandike kwa heshima na nisilalamike. La kwanza nitatimiza. La pili halinihusu, kwa sababu mtu aliyekaa karibu na Madamu Asekenye miaka yote hiyo ana haki yake ya kulalamika.

Aliajiriwa Machi 1988, binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Amagoro, mrefu, mkimya, na mwenye mwandiko ambao wakubwa walimwitia ofisini kuwaandikia barua. Busia ya siku zile ilikuwa lango moja, kamba moja na maafisa wanne. Akina mama wa Bukhayo walivuka asubuhi na nyanya na mboga, wakarudi jioni na ndizi, na Asekenye aliwajua kwa majina na kwa vikapu vyao. Kufikia mwaka wake wa tatu alikuwa ameijua kila njia ya panya kuanzia nyuma ya soko mpaka kwenye mashamba ya miwa. Hakuwachukia wanaozipita. Alikuwa akisema kwamba mwenye shamba ng'ambo na kisima huku hawezi kugongewa muhuri kila anapokwenda kuteka maji, ila anayepita huko na watoto wasio wake ni lazima asimamishwe. Kutofautisha hao wawili ndiyo kazi aliyoifanya mpaka leo.

Malaba ilimpokea kwa foleni ya malori. Wageni wa hapa huhesabu foleni kwa kilomita. Sisi huihesabu kwa idadi ya madereva wanaokuja kaunta wakiwa wamekasirika. Asekenye alikuwa na dawa yao. Dereva akianza kufoka, Madamu aliweka kalamu chini, akamtazama, akamwuliza amelala wapi jana na kama amepiga simu nyumbani. Nimeona majitu ya futi sita yakinywea na kujibu kwa adabu kama yako katekisimu. Nami nikijaribu swali lilo hilo, madereva huniuliza linanihusu nini.

Sasa twende kwenye matanga.

Anayejua upande huu anajua kwamba mpaka ulichorwa katikati ya ukoo. Mteso wa Malaba ana mjomba Tororo na shamba la babu mahali ambapo leo ni nchi nyingine. Mtu akifa, pande zote mbili humzika. Na kwa kuwa gari la kukodi ni ghali na daraja liko mbali na vijiji vingine, wafiwa huvuka mto kwa miguu kwenye vivuko vya mawe wakati maji yameshuka. Tangu zamani afisa anayewakuta huko huvua kofia, huangalia barua ya chifu, huhesabu watu, na kuwaacha wapite. Maiti haisimamishwi. Hilo halijaandikwa katika sheria yoyote niliyosoma chuoni, lakini wewe jaribu kulivunja uone.

Januari 2014 Asekenye alikuwa zamu kwenye kivuko kimoja cha chini. Walikuja wafiwa kutoka ng'ambo, wamembeba mzee Omagor, aliyefia kwa binti yake huko na kurudishwa kuzikwa kwake huku. Barua ilikuwa safi. Alihesabu watu kumi na tisa bila marehemu, akaandika. Wa kumi na tisa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, amebeba sufuria kichwani na viatu mkononi. Jina lake Akurut. Mama yake, Roselida Ikapel, alikuwa na mtoto mchanga, hivyo alimtuma binti awakilishe nyumba yao.

Siku ya nne walirudi, na zamu ilikuwa ya Asekenye tena. Akahesabu kumi na wanane. Akauliza msichana wa sufuria yuko wapi. Wazee wakamjibu kwamba amebaki kumsaidia mjane. Jibu hilo lilimtosha, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mke wa watu na amewahi kubakishwa hivyo: mjane hawezi kuachiwa vyombo, maji na wageni peke yake, na msichana wa ukoo hubaki naye juma moja au mawili. Tena alifurahi kuona kuna watoto wanaofunzwa adabu bado. Akaandika kwenye daftari, kwa ule mwandiko wake mzuri: amebaki kwa mjane.

Wiki mbili baadaye Roselida alikuja kaunta, mtoto mgongoni, kuuliza mbona binti yake harudi shuleni. Asekenye alifunga kaunta, akaenda naye kwa miguu mpaka kwa mjane. Mjane akashangaa. Yeye alijua msichana alirudi na wenzake.

Ndipo ikajulikana. Pale matangani palikuwa na mwanamke mmoja mchapakazi, aliyejiita Yvonne. Siku tatu alisugua vyombo, alichota maji, alilia kwa sauti kuliko wafiwa. Watu wa mjane walidhani amekuja na maiti kutoka ng'ambo. Watu wa ng'ambo walidhani ni wa mjane. Kila upande ulimsifu. Ni yeye aliyewaambia wazee kwamba msichana atabaki, na ni yeye aliyemwambia msichana kwamba mjane anamtuma mjini mara moja kuleta sukari. Walionekana wakipanda gari la kuelekea Eldoret, halafu hawakuonekana tena.

Nilikuwepo Asekenye aliporudi ofisini siku hiyo. Hakula, hakuketi. Alifungua daftari kwenye ule ukurasa, akaliweka mezani wazi, na halikufungwa wiki nzima. Nilimwambia kosa si lake, kwamba hata mimi ningeandika vilevile. Akanijibu kwamba ndiyo sababu anaogopa. Uhamisho wa uwanja wa ndege ulikuja mwezi wa tatu mwaka huohuo, na sasa mnajua kwa nini barua yake ilikuwa fupi. Aliandika kwamba kuna mtu mmoja aliyemwona akiingia na hajamwona akitoka, na kwamba hataondoka mpakani kabla hajamwona.

Kuanzia hapo tukaanza kumwita Afisa wa Matanga, na nakiri jina hilo nililitunga mimi. Kila msafara wa msiba uliovuka, Asekenye aliandika siku ya kurudi, na siku hiyo alikwenda mwenyewe matangani na kilo moja ya sukari. Alikaa na wanawake, alikula alichopewa, na alihesabu. Akiambiwa fulani amebaki kwa mjane, alisema vizuri, basi twende tumsalimie. Makatekista wote wa Teso wakijumlishwa hawajala chakula cha matanga kama alichokula yeye. Mkubwa mmoja alimwuliza kwa maandishi kazi hiyo iko kifungu gani. Akajibu kwa maandishi kwamba serikali inalipa watu wengi kuhesabu wanaoingia, na yeye anajitolea kuhesabu wanaorudi.

Alitufundisha pia kuuliza. Mtu akisema anakwenda msibani, maafisa wengi huuliza jina la marehemu na kijiji, vitu ambavyo mwongo yeyote amevikariri njiani. Asekenye huuliza marehemu alikuwa na ugomvi na nani. Mfiwa wa kweli analijua jibu, na atakupa na nyongeza. Mwongo atasema marehemu alikuwa mtu mwema, alipendwa na wote. Mwaka 2019 alikuja bwana mmoja mwenye suti nyeusi na shada la maua, na wasichana watano kwenye gari, wanakwenda mazishi Bungoma. Aliulizwa swali. Akasema marehemu hakuwahi kukosana na mtu. Asekenye akamwonyesha benchi. Kabla ya saa sita mchana ilijulikana kwamba wale wasichana walitoka nyumba tano tofauti, hakuna aliyemjua mwenzake, wala hakukuwa na mazishi yoyote. Wote watano walilala kwao, na bwana wa suti bado anatumikia kifungo.

Swali hilo lina gharama zake, nami nimezilipa. Kuna bibi mmoja, mama yake Elungat wa duka la mbegu, aliyeulizwa akageuka na kuonyesha kidole foleni nzima nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, akieleza nani alihamisha mpaka wa shamba la marehemu na nani alikula mbuzi wake. Nusu ya foleni walikuwa ndugu. Asekenye akaweka kalamu chini akasikiliza, malori yakipiga honi, mimi nikitokwa na jasho, mpaka watu wawili wakapatanishwa hapohapo kaunta. Ilichukua dakika arobaini na tano. Kwenye ripoti ya siku aliandika: msiba wa kweli.

Na kulikuwa na redio. Huku kwetu mtu akifa tangazo husomwa redioni kwa Kiteso, pamoja na orodha ya jamaa na miji waliko, ndefu hata chai ikapoa. Asekenye alimwomba Roselida kwamba kila tangazo la msiba katika ukoo wao limtaje na Akurut. Si kama aliyepotea. Kama jamaa, katikati ya jamaa wengine. Halafu mwishoni iongezwe kwamba Akurut, popote alipo, asiogope, aje Malaba kwa Asekenye mezani. Kabla ya kuruhusu neno hilo asiogope lisomwe, aliwaandikia makao makuu kuuliza kama mtu aliyevushwa akiwa mtoto na kuishi bila karatasi anaweza kujitokeza asishtakiwe. Jibu lilikuja kwamba sheria inamlinda. Nakala yake iko chini ya kioo cha meza yake, imekuwa ya manjano.

Ukoo ule ulipata misiba minane katika miaka kumi na mmoja. Mara nane tangazo lilisomwa. Mara moja jirani aliyefungua redio likiwa mwishoni alidhani Asekenye mwenyewe ndiye aliyefariki, akaja kwao na sukari, akamkuta anapalilia njugu. Aliipokea sukari.

Nasema ukweli: nilikuwa nimekata tamaa. Mwaka jana nilimwambia Madamu, mwachie Mungu hili, ustaafu na moyo mwepesi. Alinikasirikia siku mbili. Mwezi wa tano mwaka huu nyanya yake Akurut alifariki, na tangazo la tisa lilikuwa na nyongeza mpya: kwamba Asekenye atakuwa mezani mpaka tarehe thelathini mwezi wa sita. Nilipolisikia nilizima redio. Niliona ametaja siku ambayo sisi wote tungemwona akishindwa.

Jumanne tarehe 17 Juni, saa nne asubuhi, foleni ilikuwa imefika mlangoni. Asekenye alikuwa ndani na Ochom, mwenzetu wa upande wa Uganda, wakikagua orodha. Kwenye kaunta yangu alisimama mwanamke wa miaka ishirini na kitu, leso kichwani, ameshika mkono wa mtoto wa kike wa miaka mitano hivi. Nikaomba kitambulisho. Hana. Pasi? Hana. Anakwenda wapi? Msibani, ingawa mazishi yalishapita. Nilikuwa karibu kumwonyesha benchi nimwite anayefuata. Lakini miaka kumi na sita ya kukaa karibu na mtu huacha alama, na mdomo wangu ukauliza wenyewe marehemu alikuwa na ugomvi na nani.

Akasema, "Na mama yangu. Nyanya hakutaka nitumwe matangani peke yangu. Siku naondoka walikuwa hawasemeshani."

Niliweka kalamu chini. Akaniangalia kwa woga, akavuta mtoto karibu, akasema, "Kwa redio walisema nimtafute Asekenye. Bado yuko?"

Sijui niliita kwa sauti gani, ila ofisi nzima ilisimama. Asekenye alitoka ndani na miwani yake kwenye paji la uso. Alizunguka kaunta, jambo asilofanya kamwe saa za kazi, akasimama mbele ya yule mwanamke. Mimi nilitegemea machozi. Akasema, "Yuko. Umekula?"

Akurut alikuwa ameishi jikoni mwa watu, nyumba tatu katika miji miwili, mbili za mwanzo bila kulipwa kitu, akiambiwa kwamba akitoka nje atafungwa kwa sababu hana karatasi. Aliamini. Alikuja kutoroka, akapata mtoto, akawa anauza mboga kando ya barabara. Dirisha la jirani lilikuwa na msichana wa Kiteso aliyefungua redio ya nyumbani kwenye simu kila asubuhi akifua. Humo ndimo Akurut alimosikia jina lake likisomwa katikati ya jamaa, kama mtu anayengojwa. Ameniambia alisikia matangazo mawili kabla ya hili na hakuthubutu. Hili la tatu lilikuwa na tarehe.

Kazi ilifanywa kwa utaratibu wake wote: maelezo yakaandikwa, afisa wa watoto akaitwa, Ochom akatuma pikipiki kumleta Roselida. Nilipendekeza tuwapeleke kwenye kile kivuko cha mawe, kwamba ingependeza arudi alikopitia. Asekenye alinitazama kama vile nimetukana kanisani. Akasema msichana huyu aliingia bila karatasi na atatoka kwa lango, na muhuri. Akamgongea mwenyewe karatasi ya kusafiria. Hakuna muhuri uliowahi kugongwa wima hivyo hapa Malaba.

Roselida alikuwa amesimama ng'ambo ya mstari na mvulana wa miaka kumi na mmoja, yule aliyekuwa mchanga. Walipokutana sikuangalia, nilikuwa na kazi ya kukagua lori ambalo halikuhitaji kukaguliwa. Niligeuka nikamwona Asekenye amesimama langoni na daftari la mwaka 2014 mkononi. Alifuta yale maneno, amebaki kwa mjane, kwa mstari mmoja. Akaandika: amerudi, na tarehe. Nilimwuliza huyu binti wa Akurut tumwandike wapi, maana hakuingia naye. Akaniambia mtoto wa mtu hahesabiwi kwenye ukurasa wa zamani, nifungue mpya.

Kisha akaketi kwenye ngazi za lango na kulia, Madamu Asekenye, mbele ya madereva, na hakuna aliyepiga honi.

Yule Yvonne hajapatikana. Jina lake, kama ni lake, liko kwenye daftari hilo na mstari mwekundu chini yake, pamoja na sura yake kama wafiwa walivyoieleza. Daftari nimekabidhiwa mimi, na limeshawekwa kwenye droo yangu ya juu. Kilo za sukari pia nimerithi. Wafiwa wa Malaba wajiandae: Mluhya huyu wa Mundika atakuja kula matanga yenu, atawasalimia kwa Kiteso, yoga, kwa lafudhi mbaya, na atawahesabu mmoja mmoja mpaka wa mwisho arudi kwao.

Madamu, asante kwa miaka thelathini na saba. Asante kwa wale watano wa mwaka 2019, ambao mmoja wao leo ni muuguzi na ameomba nafasi ya kuzungumza katika sherehe hii. Asante kwa kunikasirikia siku mbili. Nenda Amagoro ukapalilie njugu zako, ukaimbe kwaya ya akina mama, ukae matangani mpaka uchoke bila kuandika ripoti. Mungu akupe afya na jioni nzuri. Tumekuhesabu ukitoka langoni kwetu, na kwa utaratibu wako mwenyewe, mstari huo hatuufungi mpaka tukuone umerudi kutusalimia.